Maumivu Yaliyobaki Baada ya Saratani: Jinsi ya Kujifunza Utulivu wa Akili kwa Simu

Umemaliza matibabu. Mionzi imekwisha, dripu zimekwisha, daktari wa hospitali ya Bugando au ya Ocean Road amekwambia uvimbe hauonekani tena, nawe umerudi nyumbani mkoani Kigoma: Kakonko, Kibondo au Kasulu. Majirani wamekuja kukupa pole na hongera kwa pamoja. Lakini kwapa bado linavuta kila ukiinua jembe. Nyayo zinawaka moto usiku. Au nyonga inauma mpaka ibada inakushinda kukaa. Na unaona haya kulalamika, maana watu watasema: si umepona wewe?

Unayo haki ya kulalamika, kwa sababu maumivu hayo yana chanzo kinachojulikana. Mwanamke aliyepasuliwa titi mara nyingi huwa amekatwa pia mishipa ya fahamu midogo inayopita kwapani, na mishipa hiyo ikipona vibaya hutuma taarifa ya maumivu hata pale ambapo kidonda kimefunga zamani. Aliyepigwa mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, anaweza kubaki na kukakamaa kwa nyonga na maumivu ya tumbo la chini. Dawa za kuua seli za saratani, kama sisplatini, paklitakseli na vinkristini, huchubua mishipa ya fahamu ya vidole vya mikono na miguu. Hapo ndipo inapotoka ganzi na ile hali ya kuhisi unakanyaga changarawe. Maumivu yakipitiliza miezi mitatu huitwa maumivu sugu, yaani yaliyokaa.

Makala haya yanahusu mafunzo ambayo watu wengi wenye maumivu ya namna hii wameyatumia, nayo yanaweza kukufikia kwa simu bila kupanda basi. Ni mafunzo ya kutuliza akili na kuirudisha kwenye kitu kinachotokea sasa hivi. Lakini kabla ya kuyagusa, kuna jambo la kuhakikisha.

Hakikisha kwanza kwamba maumivu yako yamepimwa. Usiketi kufanya mazoezi ya pumzi juu ya maumivu ambayo daktari hajayasikia. Nenda kituo cha afya haraka ukiona maumivu ni mapya au yanaongezeka wiki hadi wiki, yanakuamsha usiku kwenye mfupa au mgongo, unakonda bila sababu, au unatokwa damu ukeni baada ya matibabu kwisha. Mkono wa upande uliopasuliwa ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, nawe una homa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Miguu ikilegea ghafla, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, usingoje hata asubuhi: uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kutembea tena.

Pia usiache dawa. Kuna wanaosikia habari za mazoezi ya akili wakadhani ni mbadala wa vidonge. Siyo. Kama unatumia amitriptilini kidogo usiku kwa ajili ya mishipa ya fahamu, au dawa ya maji ya mofini uliyoandikiwa na daktari, endelea nayo kama ulivyoelekezwa, na ukitaka kupunguza, mwambie aliyekuandikia. Kwa maoni yangu, mtu anayemwambia mgonjwa kwamba akituliza akili hatahitaji dawa anamdhulumu. Na kama maumivu hayajawahi kupewa dawa ya maana, ulizia huduma ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa. Wengi wanaikimbia kwa kudhani ni ya wanaokaribia kufa tu, kumbe hata aliyemaliza matibabu na kubaki na maumivu anaruhusiwa kuiomba.

Sasa, mafunzo yenyewe ni nini? Yalianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Aliwachukua wagonjwa ambao maumivu yao yaliwashinda madaktari, akawafundisha. Siku hizi mafunzo huchukua wiki nane: kukutana mara moja kwa wiki, na kufanya mazoezi nyumbani kila siku. Mgonjwa anajifunza kuangalia pumzi yake, mwili wake na mawazo yake bila kuyakimbia na bila kuyahukumu.

Utasema, mimi maumivu nayaangalia kutwa nzima, niyaangalie tena ya nini? Swali zuri. Tazama kinachotokea kwapa linapovuta. Kuna mvuto wenyewe. Halafu, kufumba na kufumbua, linakuja wazo: itakuwa imerudi. Nyuma yake linakuja jingine: nani atasomesha watoto? Mabega yanapanda, meno yanauma kwa kubanwa, pumzi inakuwa fupi, na misuli iliyokaza inaongeza maumivu juu ya yale ya mwanzo. Mazoezi haya hayana nguvu kubwa juu ya mvuto wa kwanza. Kazi yake ni kwenye vile vilivyofuata. Ukizoea kulitambua wazo kuwa ni wazo tu, na bega kuwa limepanda, unaweza kulishusha bega.

Je, yamethibitishwa? Kwa kiasi, na nakuomba usitarajie makubwa kuliko ukweli ulivyo. Huko Denmark, utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwafuata wanawake 129 waliotibiwa saratani ya titi na kubaki na maumivu. Waliopata mafunzo ya aina hii walipungukiwa na ukali wa maumivu kuliko wale ambao hawakuyapata. Kuhusu mtandao, Uholanzi walilinganisha mwaka 2018 wagonjwa wa saratani 245: kundi moja lilifundishwa ana kwa ana, jingine kwa intaneti, la tatu likaendelea na huduma za kawaida. Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalipungukiwa na dhiki ya moyo, na la intaneti halikuachwa nyuma. Mwaka 2024 Marekani ikatoa matokeo ya askari wastaafu 811 wenye maumivu sugu, hawa si wa saratani, waliofundishwa kwa mtandao kwa wiki nane. Mwaka mzima baadaye bado maumivu yaliwazuia shughuli zao kidogo kuliko wasiofundishwa. Neno la kushika hapo ni "kidogo kuliko". Hakuna aliyeahidiwa kuamka bila maumivu.

Kwa sisi wa huku, mfano unaonifurahisha zaidi uko karibu, ingawa haukuwa wa saratani. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika jaribio la mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, matokeo yakatolewa mwaka 2020. Mafunzo yalitolewa kwa sauti iliyorekodiwa, yakiongozwa na watu wa kawaida waliopewa maelekezo mafupi. Hakukuwa na daktari wa akili wala intaneti ya kasi. Miezi mitatu baadaye waliosikiliza walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao. Kama sauti iliyorekodiwa ilifanya kazi Rhino Camp, sioni kwa nini isijaribiwe katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, au kijijini kwako.

Swali la dini huulizwa kila mahali, tulijibu. Mazoezi haya yana mizizi katika tafakuri za dini ya Budha, lakini yanavyofundishwa hospitalini hayana sala, sanamu, kiapo wala jina la mungu yeyote. Unaangalia pumzi yako, basi. Mkristo anaweza kuyafanya kabla ya rozari au sala ya jioni, Mwislamu baada ya swala. Moyo ukisita bado, muulize padri, mchungaji au shehe wako kabla hujaanza, kwa sababu mazoezi yanayofanywa kwa hofu hayatulizi kitu.

Gharama sasa. Mafunzo yenyewe unaweza kuyapata bure. Palouse Mindfulness ni kozi ya wiki nane ya bila malipo kwenye mtandao, inayofuata mpango wa Kabat-Zinn, ila unapaswa kujua Kiingereza. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka bure kwenye tovuti yake kitabu cha picha cha mwaka 2020 kiitwacho Doing What Matters in Times of Stress, pamoja na sauti zake. Gharama yako ni bando na chaji, na hapo ndipo watu wanapoliwa bila kujua. Mkutano wa video wa kikundi kwa saa moja unaweza kula karibu GB 1. Simu ya sauti ya WhatsApp kwa muda huo huo hula kama MB 30 hadi 60. Rekodi ya sauti ya dakika 15 ukishaipakua haili tena kitu, hata ukiisikiliza mara mia. Kwa hiyo zima video na upakue sauti mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, halafu uzisikilizie nyumbani. Bei za bando hubadilika. Zitazame mwenyewe kwa *149*01# kama uko Vodacom, au *149*99# kwa Airtel.

Huna simu janja? Kitochi chenye sehemu ya memori kadi kinatosha kabisa. Mwombe kijana mwenye simu janja akurekodie sauti ya mazoezi, kisha peleka rekodi kwenye kile kibanda cha kuingiza nyimbo. Mwambie fundi aigeuze iwe MP3, maana kitochi hakisomi sauti ya WhatsApp kama ilivyo. Utalipa kama unayelipia nyimbo.

Na hapa nakushauri jambo ambalo naliona bora kuliko programu yoyote ya kigeni: rekodi ya lugha yako. Maumivu ya saa nane usiku hayangoji utafsiri Kiingereza. Tafuta mtu mwenye sauti unayoipenda, binti yako, shangazi, mwalimu wa kwaya, umwombe asome maneno yafuatayo polepole, kwa Kiswahili au ayageuze kwa Kiha kama ndicho unachokiota. Pale palipoandikwa anyamaze, anyamaze kweli, asiharakishe.

"Kaa au lala unavyoweza. Macho yakitaka kufumba, yafumbe. Yasipotaka, angalia sehemu moja ya ukuta." Anyamaze kidogo. "Sikia pumzi inavyoingia puani na kutoka. Usiivute wala usiisukume, iache ijiendee." Anyamaze dakika moja. "Mawazo yakikuchukua shambani, sokoni au hospitalini, hujakosea. Jiambie: nimewaza. Rudi kwenye pumzi." Anyamaze dakika moja. "Peleka akili kwenye nyayo. Kuna joto, baridi, ganzi? Au hakuna kitu? Vyovyote ilivyo, iache ilivyo. Sasa panda taratibu: magoti, mapaja, nyonga, tumbo." Anyamaze kila anapotaja. "Kifua, mabega, mikono, shingo, uso. Ukifika panapouma, usikimbie na usipambane. Tazama maumivu yanaanzia wapi na kuishia wapi. Yanavuta, yanachoma, au yanapwita? Yametulia au yanahama? Pumua mara tano ukiwa hapo. Sasa ondoka, nenda mahali pasipouma, hata kama ni ncha ya sikio, upumzike hapo." Anyamaze dakika mbili. "Sikia sauti zilizo nje. Chezesha vidole. Maliza taratibu."

Akisoma hivyo kwa utulivu unapata rekodi ya dakika kumi hadi kumi na tano. Chagua muda ambao nyumba imetulia. Wengi huku hupata nafasi alfajiri kabla ya kwenda shamba, au alasiri jua likiwa kali na watu wamejipumzisha. Waambie wa nyumbani, wasije wakadhani umezidiwa. Kama mkono huvimba, ulaze juu ya kanga mbili zilizokunjwa ili uwe juu kidogo kuliko kifua. Kama nyonga hairuhusu kukaa, lala ubavu na uweke nguo kati ya magoti. Aliyeondolewa titi anaweza kuona vigumu kupeleka akili kifuani. Hakuna sheria inayomlazimisha, aruke kifua aende mabegani, na siku akijisikia atapita hapo mwenyewe.

Wiki ya kwanza na ya pili fanya pumzi tu, dakika tano, kila siku. Wiki ya tatu ingiza mzunguko wa mwili mzima kama ulivyo kwenye rekodi. Kuanzia ya tano, chukua mazoezi uyapeleke kwenye kazi: unapochambua maharage, akili iwe kwenye punje na vidole, unapokwenda kisimani, iwe kwenye hatua. Hapo pia ujifunze kukatisha kazi kabla mwili haujakukatisha. Ukijua kwamba kulima nusu saa kunaleta maumivu ya siku mbili, lima dakika ishirini, pumzika, angalia pumzi, kisha uamue kama unaendelea. Wiki mbili za mwisho zitumie kufanya bila rekodi, ili siku simu ikizima usikwame.

Utakutana na vikwazo. Kusinzia ni kawaida, hasa kwa anayetumia mofini au amitriptilini. Fanya ukiwa umekaa. Akili kutangatanga ni kawaida zaidi, na kuirudisha ndilo zoezi lenyewe. Baadhi ya watu huona maumivu yameongezeka siku za mwanzo kwa sababu wameacha kuyakwepa. Punguza muda, baki kwenye pumzi au kwenye sauti za nje. Lakini kama ukifumba macho zinakujia picha za vita, kubakwa au msiba, na wapo wengi katika ukanda huu wetu wa mpakani wenye picha hizo, acha kufumba macho, weka miguu chini, angalia vitu vilivyo mbele yako na uvitaje. Picha zikizidi, acha mazoezi na utafute muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Ukianza kuona afadhali ufe, mwambie mtu leo hii na uende hospitali.

Ni vigumu kudumu peke yako. Mkiwa watano au sita mliotibiwa, fungueni kundi la WhatsApp na mkubaliane siku moja ya wiki, saa moja, simu ya sauti: mnasikiliza rekodi pamoja, kisha kila mmoja anasema kilichotokea. Wekeni masharti mapema. Habari za mtu zisitoke nje ya kundi. Picha za vidonda zisitumwe. Anayejisikia kunyamaza anyamaze. Na kiongozi wa kundi amwondoe bila kubembeleza yeyote anayeleta matangazo ya mitishamba ya kumaliza saratani au anayeomba pesa za "usajili". Kundi la wagonjwa wa saratani ni windo rahisi kwa matapeli, wanajua mna hofu.

Kuhusu pa kwenda mafunzo yasipotosha, anzia kituo chako cha karibu, au hospitali ya wilaya ya Kakonko, Kibondo au Kasulu, na Kasulu kuna pia hospitali ya misheni ya Kabanga. Rufaa ya mkoa ni Maweni, Kigoma mjini. Kwa maswali ya saratani yenyewe, Bugando iliyoko Mwanza ni ya karibu kuliko Dar es Salaam, na safari ya kupitia Nyakanazi na Geita imepungua adha tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kungoja kivuko na mgonjwa jua likiwaka. Kabla ya kutumia nauli, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, uulize. Ukikwama kwa malipo ya hospitali, usirudi nyumbani kimya. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, na uwe na barua ya mtendaji wa kijiji chako.

Tangu siku ya kwanza weka daftari la shule kando ya kitanda. Kila jioni andika mambo matatu: maumivu ya leo ni ngapi kati ya sifuri na kumi, umelala kiasi gani, na umeweza kufanya kazi gani. Namba ya kwanza inaweza isishuke sana hata baada ya wiki nane. Angalia ya pili na ya tatu. Kama usingizi umeongezeka, au umerudi kubeba ndoo ndogo uliyokuwa umeiacha, endelea. Kama zote tatu zimebaki palepale, au zinakwenda vibaya, tarehe ya kliniki ikifika beba daftari hilo na umwonyeshe daktari kurasa zote, umwombe aangalie dawa upya.